Machela ya Kijiji Chetu

Kijiji chetu ki karibu na Kihihi, katika Kinkizi, kusini-magharibi ya Uganda. Zamani kilikuwa katika Wilaya ya Kigezi; tangu mwaka 2001 kimo katika Wilaya ya Kanungu. Mgeni apitaye huona migomba, kahawa na mpunga tu, lakini historia yake yafaa ijulikane.

Wazee wetu hawakuzaliwa huku. Walitoka katika milima ya Kabale, ambako watu walikuwa wengi mno, na kila baba alipokufa shamba lilikatwa vipande. Mwaka 1946 Serikali ya wakati ule, kwa mpango wa Afisa wa Kilimo J. W. Purseglove, ilianza kuwahamishia watu upande huu wa kaskazini. Babu hutusimulia aliyoyasikia kwa baba yake: nyasi ndefu kupita kimo cha mtu, tembo, nguruwe-mwitu, na homa wasiyoizoea watu wa baridi. Lakini lililowasumbua zaidi ni kwamba jirani hakuwa ndugu. Huyu alitoka mlima huu, yule mlima ule.

Kilichowafanya kuwa kijiji kimoja ni machela. Kwetu huitwa engozi, jina lile lile la ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Chama cha machela ni desturi waliyokuja nayo kutoka milimani. Kila nyumba hutoa mtu. Mgonjwa akizidiwa, hata usiku wa manane, pembe hulia, na wanaume hupokezana mabegani mpaka hospitali. Asiyefika bila sababu hutozwa faini. Haulizwi mgonjwa ni wa ukoo gani.

Siku hizi pikipiki hubeba wagonjwa wengi, lakini vyama havikufa. Huzika wafu, hukopesha fedha, na husuluhisha ugomvi wa mipaka. Hospitali ya Bwindi, iliyoanzishwa mwaka 2003 katika wilaya yetu, ilipoanza bima ya afya mwaka 2010 iliwaandikisha watu kwa njia ya vyama hivi hivi, kwa kuwa ndivyo watu walivyoviamini.

Sasa lile lililowahamisha wazee limetufuata. Shamba la babu limegawanywa kwa baba na ndugu zake watatu. Nikigawiwa mimi na wadogo zangu, kila mmoja atapata mistari michache ya migomba. Kwa hiyo vijana huenda Kampala, nami siwalaumu. Badala ya bega hutuma fedha kwa simu.

Likizo iliyopita mvua ilivunja daraja, pikipiki zikashindwa. Mama mmoja alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu asubuhi. Pembe ililia. Tulipatikana wanane, na wanne kati yetu walikuwa wazee wenye mvi. Tulifika alfajiri, mama na mtoto wakapona. Njia nzima niliwasikia wazee wale wakihema, wala hapakuwa na mtu wa kuwapokea.

Ndugu zetu mliokwisha kuondoka shuleni, fedha zenu tunazipokea kwa shukrani, maana chama hakiendi bila fedha. Lakini mjapo nyumbani kwa Krismasi au kwa mavuno, nendeni kwa katibu wa chama mkaandikwe zamu, hata kama ni ya wiki moja. Mimi nimeandikwa mwaka huu, mahali pa babu. Yeye amebeba miaka arobaini na sita, na goti lake sasa limekataa.