Punda wa bi mkubwa alivyonitoa jasho!

WEWE uliyezaliwa mjini unaweza kudhani kazi ngumu kuliko zote duniani ni kugombea daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Pole yako! Hujawahi kumpandisha punda kwenye Canter.

Mwenzenu nimewahi, na leo nasimulia yote bila kuficha aibu yangu.

Ilikuwa Oktoba 2024, kahawa imekwisha kuchumwa na mvua hazijaanza. Nilitoka Dar kwenda kwetu Maguu, wilayani Mbinga, kwa kazi moja tu: kumhamisha bi mkubwa. Tangu mzee afariki, mama alikuwa akiishi peke yake na magoti yanamsumbua. Na kwetu kule, msomaji wangu, si Kariakoo. Ni milima juu ya milima. Shamba la ngolo, yale mashimo ambayo sisi Wamatengo tunayachimba mteremkoni ili mvua isisombe udongo, unalilima kama mtu anayepanda ngazi. Goti bovu hapo halina chake.

Dada yangu anaishi pembeni kidogo ya mji wa Songea, ana chumba cha ziada na kiwanja cha kutosha. Tukaelewana kwa simu, mimi na yeye, kwamba mama akae huko. Mimi nikaongeza la kwangu: nikamtafuta mtu wa kununua shamba la kahawa, tukakubaliana na bei. Mama nikamwambia baadaye. Hilo liweke kiporo, tutalirudia.

Bi mkubwa hakubisha. Alisema neno moja tu: "Siendi bila Meneja."

Meneja ni punda. Mzee alimpa jina hilo kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hafanyi kazi mpaka aridhike. Kwetu punda si mnyama wa kila nyumba kama kule Dodoma. Mzee alivutiwa na habari za Makete, ambako mradi wa usafiri vijijini ulihimiza matumizi ya punda miaka ya 1980, naye akaja kununua wa kwake. Kahawa, kuni, mahindi ya kupeleka mashineni, vyote vikahamia mgongoni kwa Meneja.

Basi nikachukua kibali kwa afisa mifugo, maana mnyama hasafirishwi hivi hivi, nikakodi Canter. Jirani mmoja akanivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nampeleka machinjioni. Sikumlaumu. Ngozi ya punda imekuwa dili kubwa, inachemshwa kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao, na punda wameuawa kwa maelfu barani kwetu. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku kuwachinja kwa ajili ya ngozi. Nikamjibu jirani kwamba huyu anakwenda kustaafu na mama.

Canter ikafika Jumatatu asubuhi. Dereva akashusha mlango wa nyuma, tandiboi akaegesha mbao mbili, mimi nikashika kamba. Nilishajipangia: dakika kumi, tumemaliza.

Meneja alifika kwenye mbao, akanusa, akasimama. Nikavuta. Akarudisha masikio nyuma, akakita miguu minne ardhini kama nguzo za umeme. Nikaita vijana. Wawili mbele na kamba, wawili nyuma wakisukuma, tandiboi anapiga miluzi, watoto wa kijiji kizima wanashangilia. Mmoja wa waliokuwa nyuma akala teke la paja. Mimi kamba ilinichuna viganja vyote viwili. Hasira zikanipanda, nikakata fimbo, nikamchapa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Punda hakusogea hata inchi, ila alianza kutetemeka.

Ndipo nikasikia sauti ya mama kutoka barazani: "Mwanangu, hiyo fimbo ilete hapa."

Jamani, nina miaka thelathini na moja. Nilikwenda nikampa.

Dereva alikuwa na mzigo mwingine, akaondoka zake akicheka, akaahidi kurudi Jumamosi. Mjanja wa Dar nimechemsha mbele ya umati!

Jioni ile mama alinihoji. "Umemtazama alikuwa anaogopa nini?" Nikajibu ni mbishi tu, punda ni punda. Akatikisa kichwa. "Farasi akiogopa anakimbia. Huyu akiogopa anasimama ili afikirie. Wewe umemchapa akiwa anafikiria."

Baadaye nilisoma nikakuta bi mkubwa yuko sahihi kabisa. Macho ya punda yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo kitu kilicho chini ya pua yake hakioni vizuri. Akitoka juani, macho yake yanachelewa kuzoea giza, na lile bodi lililofunikwa turubai kwake lilikuwa shimo jeusi. Mbao zinazolia chini ya kwato zinamwambia ardhi hii si ya kuaminika. Ukimvuta kichwa kwa mbele, anavuta kurudi nyuma. Kumbe sheria nayo ipo: nchi yetu ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Mimi nilikuwa mkosaji mwenye kibali mfukoni!

Jumanne shule ikaanza. Mama alikaa kwenye kigoda, mimi nikawa mikono yake. Tukalaza chini mlango wa zamani uliokuwa nyuma ya jiko, tukamwaga pumba katikati yake. Meneja akanusa kutoka mbali. Nikataka kumsogeza, mama akasema acha. Baada ya nusu saa akaweka kwato moja, mlango ukalia 'ko!', akarudi nyuma haraka.

"Legeza kamba," mama akasema. "Akitaka kurudi, arudi."

"Sasa akirudi si tutaanza upya?"

"Akijua anaweza kutoka, ataingia."

Kweli bwana. Alirudi nyuma labda mara saba, kila safari akija karibu zaidi. Akisogea hatua moja mbele, nalegeza kamba na kumkuna shingo. Akisimama, nasubiri. Jioni alikuwa anakula pumba juu ya mlango kama yuko hotelini. Jumatano tukasimamisha miti kushoto na kulia, njia ikawa nyembamba. Alhamisi tukatandika turubai kwa juu. Kila siku tulimfundisha vitu viwili: kuingia, na kutoka kinyumenyume taratibu. Kutoka tulikufanyia mazoezi mengi kuliko kuingia.

Ijumaa usiku tukiota moto jikoni, nikajisifu kwamba kesho mambo safi. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema bila kuniangalia:

"Meneja umemwachia pa kurudi. Mimi shamba langu umeliuza."

Msomaji, nilikosa la kusema. Nilidhani kimya chake cha wiki nzima ni kukubali. Kumbe naye alikuwa amekita miguu, ila yeye hana mateke. Kahawa ile aliipanda yeye na mzee, mche kwa mche, kabla mimi sijazaliwa. Ada yangu ya sekondari ilitoka pale. Na mimi nikaikatia bei kwenye simu nikiwa nimesimama kituo cha basi, eti kwa ajili ya magoti yake.

Niliomba msamaha usiku ule ule. Asubuhi kabla Canter haijafika nikapanda kilimani kutafuta mtandao, nikampigia yule mnunuzi. Fedha hatukuwa tumepeana, lakini maneno yalikuwa yamepeana, na alinisema vibaya. Niliyapokea yote. Mtoto wa baba mdogo akakubali kulihudumia shamba na kugawana mavuno na mama.

Canter ilipofika, mama alimwelekeza dereva arudi kinyumenyume mpaka kwenye ukingo wa shamba, pale udongo uliponyanyuka sawasawa na bodi. Milima ile ile niliyokuwa nailaani ikawa ngazi ya bure! Tukatoa turubai mwanga uingie, tukatandaza udongo na majani makavu ili kwato zisiteleze wala mbao zisilie. Mama akasimama pembeni na bakuli la pumba, akiegemea fimbo ile ile aliyoninyang'anya Jumatatu.

Meneja akafika ukingoni. Akanusa. Akasimama. Tandiboi akafungua mdomo kupiga mluzi, nikamtolea macho. Kamba ilining'inia mkononi mwangu kama kamba ya kuanikia nguo. Punda akatazama ndani, akageuka kumtazama mama, akaingia. Hakuna aliyeshangilia. Mama akaamuru tumtoe, kisha tumwache aingie tena. Dereva akalalamika kuhusu muda, lakini akafuata amri. Mara ya pili Meneja hakusimama kabisa.

Kisha bi mkubwa akafunga nyumba yake, akaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga, akapanda mbele kwa dereva. Nami sikumshika mkono mpaka aliponinyoshea wa kwake.

Tulikwenda polepole, Mbinga mjini tukampa Meneja maji, halafu tukashika lami zile kilomita mia moja hivi mpaka Songea. Alifika mzima.

Juni mwaka uliofuata mama alirudi Maguu kwa msimu wa kahawa. Alikaa wiki sita, akahesabu magunia yake, akarudi Songea kwa hiari yake bila kuitwa. Ufunguo bado uko kwenye pindo la khanga. Meneja anabeba maji ya dada, siku anayoridhika.

Wazee husema shukrani ya punda ni mateke. Mimi sibishani na wazee, ila nawauliza ninyi wenzangu wa mjini mnaopanga kuwahamisha wazazi: kabla hujavuta kamba, umemwachia mtu pa kurudi?

Wiki njema, na ukipanda daladala leo, usisukume!