Mlio wa Gitaa Hauuzwi Dukani



Katika tafakari ya juma hili tunapenda kuzungumzia gitaa. Mwana wa mkoa wetu wa Mara, Daniel Owino Misiani, alizaliwa Shirati mwaka 1940, akavuka mpaka kwenda Kenya, na huko akaiongoza Shirati Jazz hadi alipofariki kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu mwaka 2006. Hata leo wimbo wake ukipigwa, wazee wetu humtambua kabla hajaimba neno. Je, wanamtambua kwa kitu gani?

Hatuulizi kwa kujifurahisha. Mzazi mmoja wa hapa Mwitongo ametuomba ushauri. Mwanawe, mpiga gitaa wa kwaya, amekataa kupiga tena mpaka apate gitaa la umeme la bei kubwa pamoja na vifaa vya kubadili mlio. Lile la kwaya, asema, halimpi sauti yake mwenyewe. Mzazi huyo ana maksai wawili, naye anawaza kumwuza mmoja. Sote twajua kwamba maksai mmoja havuti plau.

Tuvitendee haki vifaa kwanza. Nyuzi za chuma hazilii kama za nailoni, na gitaa la umeme halilii kama gitaa kavu. Hata hivyo, wapeni watu wawili gitaa lile lile, nanyi mtasikia milio miwili. Mkono wa kulia ukizigusa nyuzi karibu na daraja, mlio huwa mkali na mwembamba. Ukisogea kuelekea shingoni, huwa mpole na mnene. Ukucha una sauti yake, na nyama ya kidole ina yake. Vidole vya kushoto navyo huamua noti idumu muda gani, iteleze au ikatwe. Tena yupo apigaye mbele kidogo ya mdundo, na yupo auvutaye nyuma. Hayo yote hayamo katika sanduku la dukani.

Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alikuwa na gitaa kavu tu. Kwa kidole gumba na kidole cha shahada alitoa besi na wimbo kwa pamoja, hata msikilizaji akadhani wanapiga watu wawili. Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro Jazz na kisha Super Volcano, aliimba na kupiga solo yeye mwenyewe, mpaka mauti yalipomkuta mwaka 1979; kwa hiyo koo na vidole vilikuwa vya mtu mmoja.

Naye Misiani na wenzake wa benga walilipitisha gitaa katika njia ya nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, ambayo mpigaji wake huidonoa kwa mikono huku akigonga mbao kwa pete iliyo kidoleni mwa mguu. Ndiyo maana gitaa la benga huidaka sauti ya mwimbaji na kuirudia kana kwamba linasema. Chombo kilitoka ugenini, lakini sikio lililokiongoza lilikuzwa nyumbani. Hapa Butiama tunao mfano wa namna hiyo nje ya muziki: Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare, *Julius Caesar*, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1963, kisa kilikuwa cha Mwingereza, bali lugha ilikuwa yake Mwalimu.

Basi tumemshauri mzazi asiuze maksai msimu huu. Hatumlaumu kijana. Kutamani sauti yake mwenyewe ni tamaa njema, na gitaa lisiloshika tuni humchosha hata fundi. Kwa hiyo kwaya ibadili nyuzi zilizoshika kutu, na vifungo vinavyolegea vitengenezwe. Gharama hiyo ni ndogo mno kuliko bei ya ng'ombe.

Kwake kijana tumependekeza kazi tatu. Kwanza, kila mstari auimbe kabla ya kuupiga, maana mtu huvuta pumzi kwa namna yake, na pumzi hiyo itaufundisha mkono. Pili, amtafute mzee ajuaye litungu, aketi karibu naye, asikilize, kisha azitafute noti zile katika gitaa. Tatu, ajirekodi kwa simu, ajisikilize bila huruma, atenganishe alichoiga na kilicho chake. Kuiga si dhambi. Ndiko kuanza kwa kila mpigaji. Lakini aige wengi, asije akawa kivuli cha mmoja.

Mavuno yakiisha, baba na mwana wakae tena wazungumze. Ikiwa wakati huo mkono utakuwa umelizidi gitaa la kwaya, sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kuchangia.