Kila Mtu na Ufunguo Wake

Cheo ni dhamana, na alama yake ya kwanza ni funguo. Mwalimu mkuu mpya hupokea funguo za ofisi, za stoo na za kabati la mitihani, zimetungwa kwenye waya mmoja. Chuo cha ualimu kilitufundisha kuandaa somo na kutunza daftari la mahudhurio. Namna ya kuachia funguo hakikutufundisha. Hilo nimekuja kulitafakari uzeeni, tena mbele ya kompyuta.

Wanafunzi wetu wa zamani wana tovuti ndogo yenye picha za madarasa, majina ya waliohitimu, na kumbukumbu za waliotangulia mbele ya haki. Inakaa kwenye seva ya kampuni inayopangisha nafasi, na akaunti iko kwa jina langu. Kampuni hiyo hutupa pia njia iitwayo SSH, yaani mlango wa kuingia katika nafasi yetu kutoka mbali na kuiendesha kwa amri za maandishi. Kwa amri moja unafunga picha zote katika faili moja. Kwa nyingine unalishusha nyumbani liwe akiba.

Njia hiyo aliibuni Tatu Ylönen mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, baada ya maneno ya siri kunaswa kwenye mtandao wa chuo hicho. Wakati huo wengi walitumia Telnet, ambayo hupeleka neno la siri likiwa wazi, kama barua isiyo na bahasha. SSH huyafumba maneno yote njiani.

Kilichonigusa zaidi ni funguo zake. Kompyuta yako hutengeneza funguo mbili, pacha. Ule wa siri unabaki kwako, na hapewi mtu, hata mwanao. Ule wa wazi huandikwa mstari mmoja katika orodha iliyoko kwenye seva. Ukibisha hodi, seva huhakikisha kwamba unao pacha wa siri, bila pacha huyo kusafiri. Watu watano, mistari mitano. Mmoja akiondoka unafuta mstari wake, na wanne hawasumbuki.

Linganisha na neno moja la siri wanalolijua watu watano. Ni kama ufunguo wa stoo uliochongeshwa: kitu kikipotea, wote hutazamana, na dawa ni kubadili kitasa.

Nimevuka miaka sabini. Nikiondoka na ufunguo pekee, majina yale yatabaki katika nyumba iliyofungwa, mpaka ada ikome na nafasi ichukuliwe. Kwa hiyo nimewaomba vijana wawili waniletee funguo zao za wazi.

“Mwalimu, si utupe tu neno la siri?” aliuliza mmoja.

“Neno la siri halina mwenyewe,” nilimjibu. “Mstari wako nitauandikia jina lako.”

Mwenye ufunguo anaweza pia kufuta kila kitu, na amri ya kufuta haina kapu la kuokotea. Kwa sababu hiyo nilitazama tabia kwanza, ujuzi baadaye. Tena ufunguo huo haugusi mkataba wala malipo. Hayo nimeyaandika katika daftari la umoja wetu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Nawe msomaji, hicho ulichokabidhiwa, nani mwingine ana ufunguo wake?