Siku Hizi Sikandi Sana

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkandaji, Kisauni. Aliyeteguka mguu na mzazi aliyetoka kujifungua, wote waliletwa barazani kwake, naye akapasha mafuta ya nazi kwenye kibakuli cha bati. Mwaka 1994 nilipomwambia nimepata nafasi ya kusomea fiziotherapia katika chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, Nairobi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kukanda tu, mjukuu wangu, mwasomea miaka mitatu?"

Sikuwa na jibu. Nililipata mbele ya meza ya mifupa. Tulishika mfupa mmoja mmoja, tukaeleza msuli gani unaanzia hapo, unaishia wapi, na ukijikunja kiungo kinakwenda upande gani. Baada ya hapo ni wodini: kumsaidia aliyepasuliwa kifua akohoe makohozi yatoke, kumlaza vyema mtoto mwenye mtindio wa ubongo asikakamae.

Kumbe kazini hayo yote hayakuulizwa. Chumba chetu hospitalini kilikuwa mwisho wa ujia, jirani na stoo. Daktari alituma karatasi: "Masaji, mara 10." Mgonjwa ana nini, hakuandika. Nasi tukatii. Mwenye maumivu ya mgongo tulimlaza chini ya taa ya joto, tukamkanda, tukamwambia akapumzike kitandani wiki mbili. Nalisema hili kwa majuto, kwa sababu tuliwadhoofisha watu. Miaka ya tisini hiyo hiyo utafiti ulikuwa ukionyesha kwamba maumivu ya kawaida ya mgongo hayaponi kwa kulala. Misuli hulegea, na mtu huanza kuogopa hata kuinama.

Mimi binafsi nilibadilishwa na seremala mmoja aliyepigwa na kiharusi, upande wa kulia. Mkewe alinisihi, "Daktari, mkande sana huo mguu." Badala yake nilimkalisha kwenye kiti, nikamvutia nyayo nyuma kidogo, nikamwambia ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu. Paja lilitetemeka. Siku hiyo alisimama mara mbili, nikiwa nimeshika mshipi wake. Wiki kadhaa baadaye alisimama mara 10 mfululizo bila kuguswa. Ubongo uliojeruhiwa hujifunza upya kwa kurudia kazi yenyewe, na kazi hiyo lazima aifanye mwenye mwili.

Sheria nayo ilichelewa. Kabla ya Sheria ya Wafiziotherapia ya mwaka 2014, mtu mwenye kitanda na chupa ya mafuta aliweza kutundika kibao akajiita mtaalamu. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Baraza la Fiziotherapia la Kenya, linalosajili na kutoa leseni. Diploma bado ni miaka mitatu, na huingii bila wastani wa C katika mtihani wa Kidato cha Nne, KCSE, baiolojia ikiwa imeshikwa vizuri. Shahada ni miaka minne, na mlango wake ni C+. Wenzangu hubishana kipi bora. Mimi humtazama mhitimu anavyompima mgonjwa: je, amemuuliza maumivu yalianza vipi kabla ya kumgusa?

Bibi hakuwa na cheti, lakini hilo la kupima kabla ya kugusa alilijua. Goti lililovimba likiwa na homa hakuligusa, alisema lipelekwe hospitali. Alifariki kabla sijamjibu lile swali lake sawasawa.

Wewe uliyemaliza Kidato cha Nne na unayeipenda kazi hii, kabla ya kulipa karo uliza kama kozi ya chuo hicho imeidhinishwa na Baraza. Nawe unayeumwa, anayetaka kukushika mgongo mwombe kwanza akuonyeshe leseni yake ya mwaka huu.