Garimoshi la Mpanda na Magarimoshi ya Shibiri Moja

Ukitoka Mpanda kwenda Tabora kwa reli, unapita juu ya njia iliyojengwa kwa sababu ya risasi. Sisemi risasi za bunduki. Risasi ni madini. Ni mazito, ni laini, na rangi yake ni ya kijivu. Ukiyatia motoni huyeyuka mapema sana kuliko chuma.

Madini hayo yalichimbwa Mukwamba, karibu na Mpanda. Kampuni iliyoyachimba iliitwa Uruwira Minerals. Mawe ya madini ni mazito, na bandari ya Dar es Salaam iko mbali. Kwa hiyo serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, hadi Mpanda. Urefu wa tawi hilo ni kilometa 210 hivi. Lilifunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli haikufungwa. Iliendelea kubeba watu, mazao na mizigo ya dukani.

Ukiwa ndani ya behewa, mji wa Mpanda unaachwa nyuma mapema. Unapita Katumba na mashamba yake. Baada ya hapo ni miombo. Miombo kushoto, miombo kulia. Mara unaona mzinga wa nyuki juu ya mti. Mara unaona moshi wa tanuri la mkaa, jambo ambalo mimi Bwana Shamba silipendi. Kisha unafika mto Ugalla. Maji ya Ugalla huenda mto Malagarasi, na kutoka huko huingia Ziwa Tanganyika. Wakati wa kiangazi mto hupungua sana. Hubaki madimbwi makubwa yenye viboko.

Siku hizi ipo barabara ya lami kati ya Tabora na Mpanda, na watu wengi hupanda basi. Basi lina haraka. Mimi naona treni ndiyo inayomwonyesha mtu nchi yake.

Treni ya leo huvutwa na injini ya dizeli. Zamani ilivutwa na injini ya mvuke. Wazee ndio waliiita garimoshi, kwa sababu ilitoa moshi. Vijana wetu wanalitumia jina hilo bila kujua lilitoka wapi.

NGUVU YA SUFURIA

Weka sufuria ya maji jikoni. Ifunike. Maji yakichemka, kifuniko kinaanza kucheza na kugonga. Ni nani anayekisukuma? Ni mvuke. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ukiufungia mvuke huo ndani ya chuma kinene, utatafuta pa kutokea kwa nguvu nyingi.

Injini ya mvuke ni sufuria hiyo hiyo. Jina la sufuria yake ni boila. Nyuma kuna tanuri la moto. Moto na moshi hupita ndani ya mirija mingi iliyozungukwa na maji. Maji yanachemka. Mvuke unakwenda kwenye silinda, ambayo ni kama pampu ya baiskeli. Ndani ya silinda mna pistoni. Mvuke unaisukuma pistoni mbele, kisha unaisukuma nyuma. Pistoni imeshikana na fito za chuma, na fito zimeshikana na magurudumu. Mvuke uliokwisha kufanya kazi hutoka kwenye bomba la moshi. Ule mlio wa chafu, chafu, chafu ni mvuke unaotoka. Na unapotoka huvuta hewa, moto ukawaka zaidi. Kwa hiyo injini ikifanya kazi kubwa, moto wake nao unakuwa mkubwa. Nimeeleza mashine nyingi katika kazi yangu, lakini sijaona nyingine inayojipulizia moto wake namna hii.

Zamani injini za Reli ya Kati zilichoma kuni. Baadaye zilichoma mafuta mazito. Lakini chakula chake kikubwa kilikuwa maji. Injini ilikunywa maji njia nzima, na katika nchi yenye kiangazi kirefu kama yetu, maji ndiyo yaliyomtia dereva wasiwasi. Moto ukizimika, treni inasimama tu. Maji yakiisha na moto unawaka, chuma cha juu ya tanuri kinalainika na boila inaweza kupasuka. Watu wanakufa.

Hapa ndipo risasi inaporudi. Juu ya tanuri, ndani ya boila, mafundi waliweka kizibo kilichojazwa risasi. Maji yakiwa ya kutosha, yanakipoza kizibo. Maji yakishuka chini yake, risasi inapata joto. Ikifika nyuzi 327, inayeyuka. Tundu linafunguka, mvuke unaingia tanurini kwa kelele, na dereva anajua kuwa hatari imefika. Kipande cha risasi kisichozidi ncha ya kidole kimeokoa maisha ya madereva wengi duniani.

WATU WANAOTENGENEZA TRENI NDOGO

Nchi nyingi zimekwisha kuziacha injini za mvuke. Dizeli na umeme vina nafuu zaidi, na hakuna haja ya mtu kuamka usiku wa manane kuwasha moto. Lakini wako watu wasiotaka ujuzi ule ufe. Katika Uingereza, Marekani na nchi nyingine, watu hao hutengeneza treni ndogo za mvuke kwa mikono yao. Kisha hukutana Jumamosi na Jumapili ili kuziendesha pamoja.

Usidhani ni vitu vya kuchezea watoto. Ni injini kweli. Zina moto wa kweli, maji ya kweli na mvuke wa kweli. Tofauti ni ukubwa. Reli yetu ya Mpanda ina upana wa meta moja. Reli ndogo inayopendwa sana huko ina upana wa sentimeta 18 au 19. Nyosha kidole gumba na kidole cha mwisho, upime. Haifiki shibiri moja. Juu ya njia hiyo nyembamba injini inavuta watu wazima 10 na zaidi. Abiria hawaingii ndani ya behewa. Wanakaa juu yake, mguu huku na mguu huku, kama mtu aliyepanda punda.

Mara nyingi treni hizo huwa ndogo mara 8 kuliko zile kubwa. Sasa fanya hesabu kidogo. Urefu umegawanywa kwa 8, upana kwa 8, na kimo kwa 8. Kwa hiyo uzito haugawanywi kwa 8. Unagawanywa kwa 8 mara 8 mara 8, yaani 512. Injini kubwa ya tani 250, ukiitengeneza hivyo, itakuwa na karibu nusu tani. Ni uzito wa fahali mmoja aliyenona.

Karibu na mji mdogo wa Chiloquin, katika jimbo la Oregon huko Marekani, kuna mahali panaitwa Train Mountain. Mtu mmoja jina lake Quentin Breen alianza mwaka 1987 kujenga reli ndogo katika msitu wa misonobari. Ilikuwa shauku yake mwenyewe. Wenzake wenye shauku hiyo wakaja kumsaidia, na leo njia za mahali hapo zinazidi kilometa 40. Mkutano mkubwa hufanyika kila baada ya miaka 3. Watu husafirisha injini zao kwa magari kutoka mbali, wakiwa na mahema na vyakula.

Katika mikutano ya namna hii kazi huanza asubuhi mapema. Kwanza ni maji. Wengi hupenda maji ya mvua. Maji ya kisima mara nyingi yana chokaa, na chokaa huganda ndani ya boila kama ule utando mweupe ndani ya birika lako la chai. Kisha huwasha vijiti vikavu, halafu huweka makaa ya mawe kidogo kidogo kwa kijiko kirefu. Feni ndogo huwekwa juu ya bomba la moshi kuvuta hewa, mpaka mvuke wenyewe uweze kazi hiyo. Injini kubwa hutaka saa nyingi kupata mvuke. Hizi ndogo hazizidi saa moja. Lakini moto mdogo una taabu yake. Mwenye injini akisimama kupiga soga, moto unapoa na treni inakwama kwenye kilima huku wenzake nyuma wanapiga filimbi.

Hakuna anayeruhusiwa kuingia njiani na boila isiyopimwa. Boila hujazwa maji baridi mpaka pomoni. Halafu maji zaidi husukumwa ndani kwa pampu ya mkono, mpaka msukumo uzidi ule wa kazi kwa nusu yake. Mkaguzi huangalia kama inavuja au kuvimba. Kwa nini wanapima kwa maji na si kwa mvuke? Maji baridi hayatanuki. Boila mbovu ikipasuka, maji yatamwagika miguuni na mambo yatakwisha. Mvuke ungewaua. Ningependa kila mwenye mashine ya kusaga huku vijijini awe na uangalifu wa namna hiyo juu ya mikanda yake.

Wengine watasema huu ni mchezo wa watu wenye fedha na nafasi. Ni kweli kwa sehemu. Vyuma na vifaa vyake ni ghali. Lakini wengi wao ni mafundi, walimu na wazee waliostaafu, na injini moja humchukua mtu miaka 10 au zaidi. Anakata chuma leo, anachonga gurudumu mwezi ujao. Jambo lisiloandikwa kitabuni huuliza kwa mzee aliyeendesha zile kubwa. Wazee hao nao wanapungua kila mwaka.

INJINI ZETU ZIKO WAPI

Hapa Afrika Mashariki, ukitaka kuziona injini kubwa za mvuke, nenda Nairobi. Ipo makumbusho ya reli, karibu na stesheni kuu, iliyofunguliwa mwaka 1971. Wakati huo reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa za shirika moja la Afrika Mashariki. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977.

Mtanzania akiingia humo atasoma majina ya nyumbani kwake. Injini moja inaitwa Mount Gelai. Huo ni mlima wetu, karibu na Ziwa Natron. Nyingine inaitwa Mount Shengena, mlima wa Upare. Injini hizi zilitengenezwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1950. Kila moja ina uzito wa tani 250 na zaidi. Kazi yao ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Ipo pia injini inayoitwa Nyaturu, kwa jina la ndugu zetu wa Singida. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mount Gelai na Nyaturu ziliwashwa tena na kuvuta treni za matembezi. Wapenzi wa mvuke walisafiri kutoka nchi za mbali ili kuzisikia.

Waliweza kuziwasha kwa sababu walikuwapo bado watu waliojua. Injini yenyewe haisemi ni valvu ipi ifunguliwe kwanza.

Sasa tuje Mpanda. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970, leo amepita miaka 70. Kijana huyo huenda alichochea moto wa garimoshi, au alipanga mataruma, au alipiga kengele stesheni. Huenda ndiye yule babu anayekaa chini ya mwembe, na watoto wanapita bila kumwuliza neno. Mambo anayoyajua juu ya kilometa 210 za Kaliua na Mpanda hayamo katika makumbusho ya Nairobi.

Ninyi mliojifunza kusoma na kuandika mnaweza kazi hii. Chukua daftari na kalamu, umwamkie mzee, ukae naye. Usimwulize maswali makubwa ya historia, maana atachoka. Mwulize walijaza maji wapi kiangazi, Ugalla ulipopungua. Injini ilikwama kilima gani wakati wa mvua? Kuni zilikatwa pori lipi, na nani alilipwa kuzikata? Mwulize filimbi ngapi zilimwita mtu wa breki, na kama tembo waliwahi kusimama njiani. Mwulize kama aliwahi kuona kizibo cha risasi kimeyeyuka. Andika maneno yake kama anavyoyasema, pamoja na jina lake, kijiji chake na miaka aliyofanya kazi. Halafu msomee uliyoandika, akurekebishe.