Gisenyi, Mji Ambao Upepo Huchagua Mwavuli

Barabara ya lami itokayo Kigali hupanda na kushuka milima kwa zaidi ya kilometa 150. Huipita Ruhengeri, ambayo siku hizi huitwa Musanze, huyaacha mashamba ya viazi na pareto yaliyo chini ya volkano, kisha huteremka upande wa Nyundo na kumfunulia msafiri Ziwa Kivu kwa ghafla, kana kwamba mtu amevuta pazia. Huko chini, kwenye pembe ya kaskazini ya ziwa, ndiko uliko mji wa Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu. Nyuma ya mji kimesimama kilima kiitwacho Rubavu, ambacho ndicho kilichoipa wilaya jina lake. Magharibi ni mpaka, na ng'ambo ya mpaka ni Goma, mji wa Kongo uliokaribiana na huu hata mgeni akitazama kutoka kilimani hawezi kusema mmoja unakwisha wapi na mwingine unaanzia wapi. Juu ya yote hayo umeketi mlima Nyiragongo, wenye mita 3,470, ambao mara kwa mara humulika mawingu ya usiku kwa wekundu wa moto wake.

Hapa Kiswahili kilikuwa lugha ya soko zamani sana kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mama mwenye beseni la nyanya na kijana mwenye baiskeli ya mizigo hawakuingoja sheria.

Lakini anayekaa ufukweni siku mbili tatu hutambua kwamba mtawala wa Gisenyi ni upepo. Mchana, ardhi ikisha kupata joto, upepo hutoka ziwani ukapanda kuelekea milimani. Usiku hugeuka, ukateremka kutoka milimani kwenda ziwani. Wavuvi wa sambaza, ambao ni dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hutoka jioni na kurudi alfajiri katika mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, na upepo huo wanaujua kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake. Wako watu wengine nao ambao hawana budi kuujua, ingawa wao hawatazami maji bali mbingu. Hao ni watu wa miavuli.

Sehemu hii ya dunia ni ngumu kwa mwavuli, na sababu ya kwanza haionekani kwa macho. Ufuko wa Gisenyi uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi, haifiki hata asilimia 87 ya uzito wa hewa ya pwani. Kwa hiyo mwavuli ule ule, ukimbeba mtu yule yule, huanguka hapa kwa kasi zaidi kuliko Mombasa au Dar es Salaam, kiasi cha saba kwa mia. Kwenye kilele cha Karisimbi, chenye mita 4,507, tofauti hufika robo nzima. Askari aliyezoea kutua pwani angeyasikia magotini mabadiliko hayo kabla ya kuyaona kwenye kitabu. Sababu ya pili inaonekana na kila mtu: viwanja vya kutulia ni vichache. Palipo tambarare pana nyumba au migomba. Pasipo tambarare pana mikaratusi. Na upande wa Goma pana mawe meusi ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika.

Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1994. Katikati ya Julai mwaka huo, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipokuwa yakifikia mwisho, watu zaidi ya laki nane walivuka mpaka kuingia Goma kwa siku chache tu, wengi wao kupitia hapa Gisenyi. Miongoni mwao walikuwamo raia waliokimbia kwa hofu, na pia askari wa serikali iliyoshindwa pamoja na wauaji wenyewe. Kipindupindu kikazuka. Mwamba wa volkano ulikataa kuchimbwa, si choo wala kaburi. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000.

Tarehe 24 Julai, ndege za Marekani zilidondosha chakula kwa miavuli karibu na kambi ya Katale, kaskazini ya Goma. Sehemu ya mizigo hiyo iliangukia mbali na mahali palipotengwa, mingine katikati ya migomba. Mashirika ya misaada yalilalamika, na njia hiyo ikaachwa. Vyakula na mitambo ya maji vikaendelea kushushwa katika uwanja wa ndege wa Goma na kupelekwa kambini kwa malori.

Mtu asiyejua miavuli angesema marubani walikuwa wazembe. Huenda, lakini hesabu yenyewe ni kali. Mwavuli wa duara hauna usukani, ni kuba la kitambaa linaloibana hewa. Mzigo ukiachiwa kwenye kimo cha mita 210, nao ukashuka mita 7 kila sekunde, utatumia nusu dakika kufika chini. Upepo wa mita 6 kwa sekunde, ambao si dhoruba hata kidogo, utausukuma mita 180 kando. Katika mbuga ya nyasi, mita 180 ni matembezi mafupi. Kati ya mawe ya Nyiragongo, huku watu wenye njaa wakikimbilia kila kinachoanguka, mita 180 ni maafa.

Hata hivyo mwavuli wa duara usidharauliwe. Ndio mkongwe wa yote. Mfaransa André-Jacques Garnerin aliteremka nao mjini Paris tarehe 22 Oktoba 1797, akayumbishwa huku na huku vibaya mno kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani haikuwa na pa kutokea ila pembeni. Baadaye ikagunduliwa kwamba kitundu kidogo kileleni huituliza bembea hiyo. Ndio pia uliowabeba makomando wa Ubelgiji alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, waliporukia uwanja wa ndege wa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kuwaokoa mateka. Kwa kazi ya namna hiyo, watu mamia wakiruka kwa pamoja, usukani ni hatari kuliko faida, kwani kila mmoja akijiendea atakako watagongana. Kuba la askari aina ya T-10, ambalo majeshi mengi yamelitumia, lina kipenyo cha zaidi ya mita 10. Hufunguliwa na kamba iliyofungwa ndani ya ndege, na kifuani mwa askari hukaa mwavuli wa akiba. Ni chombo kisichotaka maarifa mengi kutoka kwa mtu mwenye hofu, na hiyo ni sifa kubwa.

Mwavuli mwingine wa Rwanda ni mdogo hata mtoto angeuchezea. Tangu Oktoba 2016, kutoka Muhanga, ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline hupeleka damu na dawa katika hospitali za magharibi ya nchi, juu ya milima ile ile ambayo gari huizunguka kwa saa nyingi. Ndege hiyo haitui. Ikifika hospitalini hushuka chini, hufungua tumbo, huachia sanduku lililofungiwa mwavuli wa karatasi, kisha hurudi ilikotoka. Eneo la kudondoshea halizidi sana nafasi ya kuegesha magari mawili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 katika hospitali zilizohudumiwa hivyo, kwani hapakuwa na haja tena ya kulimbikiza chupa za damu zisizo na hakika ya kutumika. Ye yote aliyewahi kumngojea mke wake nje ya wodi ya wazazi, akamwona muuguzi akitoka mbio, ajua thamani ya nusu saa. Na usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika ukaingia katika nyumba za watu hapa Rubavu, na mafuriko na maporomoko ya udongo yakaua watu zaidi ya 130 nchini, barabara kadhaa zilikatika. Mbingu haikukatika.

Kwa nini karatasi ifaulu mahali ambapo nailoni ya mwaka 1994 ilishindwa? Si kwa ubora wa kitambaa. Ni kwa sababu ya kimo. Sanduku la damu huachiwa chini sana, hivyo upepo haupati muda wa kulipeleka kokote. Lakini wepesi huo una deni lake: mwavuli ulioachiwa chini hauna nafasi ya kusitasita. Ama ufunguke papo hapo, ama usifunguke kabisa.

Na hapo ndipo karatasi ya Muhanga inapokutana na mchezo wa watu wasioogopa kufa, au wanaodai hivyo. Nao ni mchezo wa kuruka kwa mwavuli, si kutoka katika ndege, bali kutoka juu ya majengo, milingoti, madaraja na magenge. Ulipata jina lake Marekani, kwa Carl Boenish, mpiga picha za sinema, ambaye mwaka 1978 aliwapiga picha wenzake wakiruka kutoka jabali la El Capitan, lenye ukuta wa mita 900 hivi. Miaka kumi na miwili kabla yake, 1966, Wamarekani wawili walikuwa wameruka kutoka jabali hilo hilo kwa miavuli ya duara. Upepo uliwarudisha ukutani, na wote wawili wakavunjika mifupa ya miguu. Jabali lilikuwa moja na ujasiri ulikuwa mmoja. Kilichobadilika katikati ni kitambaa. Mwaka 1964 Domina Jalbert alikuwa amebuni mwavuli wa mstatili, wenye ngozi mbili, ya juu na ya chini, zilizogawanywa kwa kuta kuwa vyumba vilivyo wazi kwa mbele. Hewa ikiingia, vyumba hujaa vikakakamaa, na mwavuli ukawa bawa. Huenda mbele, hugeuka kushoto na kulia, na mrukaji akivuta kamba mbili za usukani karibu na ardhi, hutua kama kunguru juu ya ukuta.

Lakini si kila bawa lafaa gengeni, na wenye mchezo hulinganisha vitambaa vyao kwa makini kuliko bibi harusi anavyochagua kanga. Bawa la mruka kutoka katika ndege mara nyingi lina vyumba tisa vyembamba. Huruka mbali na kwa kasi, lakini hupenda kufungukia katika kasi kubwa. La gengeni lina vyumba saba vipana, vinavyojaa upesi hata mtu akiwa ndiyo kwanza ameanza kuanguka. Miundo mingi imeongezewa matundu kwenye ngozi ya chini, ili hewa iingie kwa njia mbili. Tena ni kubwa: mtu wa wastani hutumia kama mita 22 hadi 24 za mraba, ili ateremke polepole na kutua hata penye mawe. Kimwavuli kidogo kinachouvuta mkubwa kutoka mfukoni nacho hupanuliwa kadiri genge linavyokuwa fupi. Kitambaa chenye pete nne, ambacho huteremka kwenye kamba ili mwavuli usifunguke kwa mshtuko, huachwa mahali pake kwa magenge marefu, huondolewa kwa mafupi, maana hapo mshtuko ndio unaotakiwa.

Mwavuli wa akiba haupo. Mtu akianguka mita 100 bila kufungua, hugonga chini baada ya sekunde nne na nusu. Akiba ingefunguka lini? Hatari nyingine, na pengine ndiyo mbaya zaidi, ni mwavuli kufunguka ukilitazama genge badala ya kulipa kisogo. Bawa lina mbio, na mbio hizo humpeleka mtu ukutani. Hili kuba la duara halina.

Afrika Mashariki imeuona mchezo huo. Mwaka 2015 Mrusi Valery Rozov aliruka kutoka Kilimanjaro, kwenye kimo cha mita 5,460 hivi, akiwa amevaa vazi lenye mabawa, kisha akamalizia kwa mwavuli. Hewa ya huko ni karibu nusu ya ile ya pwani. Miaka miwili baadaye alikufa katika mlima Ama Dablam, Nepal, kwa mchezo huo huo. Boenish naye alikufa Norway mwaka 1984. Na mmoja wa wale wawili wa 1966, akiwa na umri wa miaka 66, alirudi kuruka kutoka daraja la West Virginia mwaka 2006, mwavuli wake ukachelewa kufunguka.

Kilima cha Rubavu kikitazamwa kwa macho ya elimu hiyo, hakina genge la kuaminika: miteremko yake imelala, na mtu angegonga miti kabla kitambaa hakijajaa. Kuta za ndani ya Nyiragongo ni wima, lakini chini yake ni moto. Ule mlima umekwisha kuteremka wenyewe mwaka 1977, 2002 na 2021, na mwaka 2002 ulifunika hata sehemu ya njia ya kurukia ndege katika uwanja wa Goma. Anayetafuta mahali pa kucheza na aende kwingine. Hapa mwavuli una kazi.

Katika jeshi la Marekani, mkunjaji wa miavuli lazima awe mrukaji, tena awe tayari kuruka na mwavuli wo wote alioukunja yeye mwenyewe kwa ajili ya mwenzake. Mruka magenge hukunja wake peke yake, mara nyingi sakafuni nyumbani, watoto wakifukuzwa wasikanyage kamba. Ule wa karatasi haukunjwi tena. Muuguzi huukata, huutupa, na kukimbia na sanduku.

Saa kumi na mbili upepo wa Gisenyi hutulia kabisa kwa muda mfupi, ziwa likawa kama bati. Kisha majani ya mikaratusi huanza kuelekea upande mwingine, na mitumbwi ya sambaza husukumwa majini.