Mpofi: Chapa ya kiwanda haimtaji mwenye sahani

Huku Mpofi, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale, familia inayokimbia risasi hubeba kwanza watoto, kisha sufuria, unga na godoro. Mama mmoja mhami alifika pia na sahani moja ya bluu na nyeupe, imefungwa ndani ya kikwembe. Ilitoka kwa babu yake, aliyekuwa mpishi wa Mzungu mwenye shamba wakati wa Wabelgiji.

Sahani hiyo ilikaribia kuvunja ujirani. Familia nyingine ya kijiji kilekile ilipoiona ikianikwa juani, ilisema ni yao, iliporwa nyumbani siku ya mapigano. Maneno yakawa makali. Baba wa familia hiyo akasema: «Yetu ina maandishi ya Ubelgiji chini.» Mama naye akajibu kwamba yake pia ina maandishi hayo. Ikageuzwa, na kweli, yakasomeka: Boch Frères, La Louvière.

Wazee walioitwa kuamua walijua kwamba hapo hakuna ushahidi bado. Kiwanda cha Boch kilianza La Louvière, Ubelgiji, mwaka 1841, na kilifunga milango mwaka 2011. Kwa miaka yote hiyo kilitoa vyombo kwa maelfu, vingine vikiwa na maua ya bluu kwa kufuata mtindo wa Delft wa Uholanzi. Chapa inasema chombo kimetoka wapi. Haisemi kimelala katika nyumba ya nani.

Hata hivyo, kuisoma chapa kuna faida, hasa kwa mhami anayefuatwa na mnunuzi mwenye haraka. Kwanza, tazama jina la nchi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai kwamba bidhaa za kigeni zinazoingia huko ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vingi vya Ulaya vikaanza kufanya hivyo. Kwa hiyo sahani iliyoandikwa «England» au «Made in Belgium» mara nyingi si ya kabla ya hapo. Mnunuzi akisema ina miaka mia tatu, anadanganya au hajui.

Pili, tazama picha. Sanamu ya simba aliyelala, mwenye kichwa cha mtu, ni alama ya kiwanda cha Petrus Regout cha Maastricht, Uholanzi, ambacho mabakuli yake yaliuzwa sana Zanzibar na pwani katika karne ya 19. Tatu, usiamini herufi za Kichina peke yake. Wafinyanzi wa China wenyewe waliandika majina ya wafalme wa zamani chini ya vyombo vipya, kwa kuwaheshimu, na wengine wakafanya hivyo kwa kutafuta pesa. Nne, pitisha kidole. Chapa iliyowekwa chini ya rangi ya kioo haitoki kwa ukucha. Na ukingo wa chini wa sahani iliyotumika kweli huwa umelika, una mikwaruzo inayoenda huku na huku.

Mikwaruzo hiyo ndiyo iliyomaliza kesi ya Mpofi. Wazee waliifunika sahani kwa kitambaa, wakauliza kila upande kando, mmoja baada ya mwingine: sahani yenu ina kasoro gani? Baba akasema yao ilimeguka mdomoni, mtoto aliiangusha. Mama akasema yake haijameguka, ila babu alikwaruza mistari mitatu kwa msumari kwenye ukingo wa chini, ili isichanganyike na vyombo vya tajiri wake. Kitambaa kikaondolewa. Mdomo ulikuwa mzima, na mistari mitatu ilikuwepo.

Yule baba hakubisha. Alisema tu kwamba yao basi iko kwa watu wengine, na mama akamkaribishia bugali jioni hiyo.

Wazee wakaacha shauri moja kwa familia zote, wahami na wenyeji. Wekeni alama yenu kwenye sufuria, jembe, beseni na sahani: shimo dogo, mistari, herufi ya jina. Waonyesheni watoto alama hiyo, na msiitangaze kwa kila mtu. Siku ya kurudi nyumbani, vitu vingi vitakuwa mikononi mwa wengine, na vingi vitafanana.